Wavuvi Wasio na Chombo



Tunapolitaja neno mvuvi majumbani mwetu, anayetujia akilini ni mwanamume aliye ndani ya ngalawa au mashua, tanga limejaa upepo au mashine inanguruma, na nyavu zimekunjwa kando yake. Picha hiyo ni ya kweli, ila haijatimia. Pwani yetu, tangu Vanga hadi Kiunga, ina wavuvi wengine ambao hawana chombo, hawana mashine, na mara nyingi hata majina yao hayaandikwi popote. Huyafuata maji yanapopwa, hutembea juu ya mwamba maji yakiwafika kwenye vifundo vya miguu, mara magotini, mara kiunoni, kisha hurudi maji yanapogeuka. Huokota chaza na kome, hutanda dagaa kwa shuka, na zaidi ya yote huwinda pweza. Wengi wao ni mama zetu na bibi zetu.

Juma hili tumeona tuwazungumzie hao. Sababu ni kwamba katika miaka hii yetu kumekuwa na mazungumzo mengi katika fuo mbalimbali kuhusu kuifunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa ili pweza wapate kukua. Sisi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba kuifunga miamba kuna faida kubwa, na tutaeleza kwa nini. Lakini pana swali ambalo halijibiwi vya kutosha katika vikao hivyo: mwamba ukifungwa, mwenye mashua huelekeza mashua yake kwingine, je, yule ambaye chombo chake ni miguu yake atakwenda wapi?

Kwanza tuielewe kazi yenyewe, maana wengi wetu tunaoishi mjini humjua pweza akiwa tayari mezani.

Mwenye kuvua kwa miguu hatumii kalenda ya ukutani. Anatumia mwezi uleule tunaoutazamia kwa ajili ya saumu na Idi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua, mwezi na dunia hujipanga takriban katika mstari mmoja, mvuto wa jua na wa mwezi ukaungana, na maji yakajaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvua. Katika siku hizo, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa Mombasa inaweza kukaribia mita 4. Kiasi cha tarehe 7 au 8 za mwezi wa Kiislamu, na tena tarehe 22 au 23, mwezi huwa nusu, mivuto ile miwili huenda kinyume, na siku moja au mbili baadaye huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Wakati wa maji mafu mwamba haufunuki, na mwenye kwenda kwa miguu hubaki nyumbani.

Basi anayejua tarehe ya mwezi anajua hali ya bahari. Idi ya Mfunguo Mosi, ambayo ni siku ya kwanza ya mwezi mpya, daima huangukia bamvua. Pweza hupatikana kwa wingi siku zilezile watu wanapotaka kuandaa vyakula vizuri. Idi ya Mfunguo Tatu, inayokuwa tarehe 10, huangukia maji mafu au karibu nayo. Hiyo ni Idi ya nyama, kwa hivyo hakuna aliyelalamika.

Jambo jingine la ajabu ni saa. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi, na tena kiasi cha saa nne usiku. Hujaa kiasi cha saa kumi, alasiri na alfajiri. Kila siku inayofuata huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Maana yake ni kwamba mama anaweza kupika chai, kuwatoa watoto waende skuli na chuoni, kisha akayafuata maji yanayotoka, akavua kwa saa mbili au tatu, na akawa amerudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Kazi hii iliingia katika siku ya mwanamke bila ya kuivunja. Hapo pana sababu kubwa, kwa maoni yetu, ya mwamba kuwa wa kina mama na maji ya kilindi kuwa ya wanaume. Wanaosema kwamba wanawake huenda mwambani kwa kuwa wanaogopa bahari hawajatembea nao.

Kwani mwamba una hatari zake. Ya kwanza ni maji yenyewe. Mgeni hudhani kwamba maji yatarudi kutoka mbele, mahali anapoyaona mawimbi yakivunjika. Hayarudi hivyo. Huanza kuijaza mikondo na mabonde yaliyo kati ya mwamba na ufuo, yaani nyuma ya mgongo wake, na yeye ameinama anachokoa tundu. Tena hayapandi kwa mwendo mmoja. Kutoka kupwa hadi kujaa ni zaidi kidogo ya saa 6. Mabaharia huugawa mpando huo katika sehemu 12: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili sehemu 2, ya tatu sehemu 3, ya nne sehemu 3, ya tano 2 na ya sita 1. Katika bamvua la mita 4, saa ya kwanza maji hupanda kama sentimita 33 tu, na mtu akaona bado ana nafasi. Saa ya tatu peke yake hupanda mita nzima. Mama mzoefu hageuki kwa kuwa maji yamemfika magotini. Hugeuka pale anapoona uzi wa maji umeanza kutembea kuelekea ufuoni, ingawa kikapu chake hakijajaa.

Hatari nyingine zimo chini ya nyayo. Taa hujifukia katika mchanga wa maji machache, na mkia wake una mwiba wenye sumu. Kwa hiyo mchangani hatuinui miguu, twaiburura, ili taa asikie na aondoke. Juu ya mwamba yupo samaki anayefanana na jiwe hata macho yakapumbaa, na miiba ya mgongoni mwake inatoboa kiatu chembamba. Wapo shokakombe wenye miiba mirefu myeusi. Wapo konokono wa baharini wenye umbo la pia na rangi za kupendeza, ambao watoto huwaokota wakawatia mfukoni: baadhi yao wana sumu iwezayo kuua mtu mzima, na mtoto afunzwe tangu mapema kutowagusa kabisa. Mtu akichomwa na taa au na yule samaki wa jiwe, mguu utiwe katika maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia bila ya kuungua, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu, kwani joto hupunguza makali ya maumivu. Kisha apelekwe hospitali bila kukawia. Viatu vya raba vyenye soli nene si anasa.

Sasa pweza. Huyu hukaa katika tundu la mwamba, na hujificha kwa kugeuza rangi na hata ngozi yake, ikawa laini au yenye vinundu kama mawe yanayomzunguka. Mwenye jicho la mjini atampita mara kumi. Lakini pweza ana tabia moja inayomsaliti: mlaji huyu hatupi mbali mabaki yake. Mlangoni pake utakuta maganda ya kaa na chaza, na mara nyingi vijiwe alivyovikokota mwenyewe kuuziba mlango. Mama zetu hawamtafuti pweza. Wanatafuta jaa lake. Wakiliona, huchukua ufito mwembamba na kumtekenya kwa upole. Pweza ni mgomvi na ni mdadisi, hutoa mkono mmoja kushika kile kinachomsumbua, kisha mkono wa pili, na hapo ndipo chuma cha pili kinapofanya kazi. Asiye na subira huvunja mwamba kwa shoka au mtaimbo ili amtoe. Hupata pweza mmoja na kuibomoa nyumba ambayo, lau ingesalia, angeingia mwingine baada ya siku chache. Tundu zuri halikai tupu. Zipo familia zinazoyajua matundu yao kama mtu ajuavyo milango ya mtaa wake, na mama humrithisha binti yake.

Katika tundu hukaa pia mkunga, na mkunga anauma. Ndiyo maana mkono hauingizwi.

Akishatoka, auawe mara moja. Kumwacha mnyama akiteseka kikapuni ni jambo lisilopendeza. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani hii, viumbe vya baharini ni halali na havihitaji kuchinjwa. Majirani zetu wa madhehebu ya Hanafi hawamli, na si adabu kumshurutisha mgeni kwa kitu ambacho madhehebu yake hayamruhusu. Ama yale yanayosemwa vijiweni kuhusu supu yake, tunawaachia wenye vijiwe.

Kwa nini basi mwamba ufungwe?

Pweza wetu wa mwambani, anayevuliwa zaidi katika pwani yote ya Afrika Mashariki, ana umri mfupi sana: mwaka mmoja au mwaka na nusu hivi. Jike huzaa mara moja tu maishani. Hutaga mayai laki kwa laki, huyatundika darini mwa tundu lake, akayalinda na kuyapepea maji safi kwa muda wa mwezi hivi bila ya kula, na yakianguliwa yeye hufa. Wana huelea na mikondo ya bahari kwa majuma kadhaa kabla ya kushuka mwambani. Katika maisha hayo mafupi hukua kwa kasi ambayo ni vigumu kuiamini. Pweza mchanga wa gramu mia tatu au mia nne tunayemchukua leo, lau tungemwacha kwa miezi michache, angekuwa wa kilo moja na zaidi. Samaki wakubwa wa mwambani, kama chewa, huhitaji miaka. Pweza huhitaji miezi. Ni mara chache sana bahari kumlipa mtu haraka namna hiyo kwa subira yake.

Wenzetu wa Madagaska walilijaribu jambo hili mapema. Mwishoni mwa mwaka 2004 wavuvi wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa kisiwa hicho, walikifunga kisehemu cha mwamba kiitwacho Nosy Fasy kwa kiasi cha miezi saba. Kule pia wanaotembea mwambani kuwinda pweza ni wanawake kwa wingi. Walipofungua mwaka 2005 walikuta pweza wazito kuliko waliozoea. Lakini siku ya kufungua habari ilikwisha kuenea, wakaja watu kutoka vijiji vya jirani ambao hawakufunga chochote, na katika muda mfupi faida kubwa ikachukuliwa na mikono mingi. Waliotoa subira na waliovuna hawakuwa wote ni walewale. Wanavijiji wale hawakuvunjika moyo, walibadilisha masharti, na vijiji vingi vikafuata. Serikali yao nayo iliweka uzito wa gramu 350 kuwa kiwango cha chini kabisa cha pweza anayeruhusiwa kuchukuliwa.

Rodrigues, kisiwa kidogo kilicho chini ya Morisi, kilikwenda njia nyingine. Huko wawindaji pweza wa asili ni wanawake wenye kutembea katika maji machache, na wanajulikana kwa kazi hiyo kama sisi tunavyowajua washonaji wetu. Mwaka 2012 uvuvi wa pweza ulisimamishwa katika kisiwa kizima kwa miezi miwili, kuanzia Agosti hadi Oktoba. Tofauti kubwa ilikuwa hii: wavuvi walioandikishwa walipewa kazi mbadala zenye malipo katika miezi ile, kama vile kusafisha fuo. Mtu aliambiwa usivue, na papo hapo akaambiwa kipato chako cha miezi hii kitatoka wapi.

Hapa kwetu, wanawake wavuvi wa Kisiwa cha Pate wamekuwa miongoni mwa waliosukuma mbele jambo la kufunga baadhi ya miamba yao, nao wameonyesha kwamba wenye kutembea kwa miguu wanaweza kuwa viongozi wa jambo hili badala ya kuwa wenye kutangaziwa tu. Kwingineko hali haijafika huko, na hapo ndipo penye neno letu.

Tuutazame mwamba uliofungwa kwa jicho la kaya. Mwenye mashua na miwani ya kuzamia hufika miamba mitano au sita kwa juma moja. Ukimfungia mmoja, amebakiwa na minne au mitano. Mama asiye na chombo anaweza kufika mwamba mmoja, ule ulio mbele ya kijiji chake, labda miwili. Huo ukifungwa kwa miezi minne, yeye amefungiwa bahari yote. Alichokuwa akikipata hapo hakikuwa kingi: pweza wawili au watatu kwa siku ya bamvua, mmoja wa kuliwa, waliosalia wa kuuzwa. Lakini pesa hiyo ilikuwa yake mwenyewe, haikupitia mkononi mwa mtu, na kila anayejua mambo ya nyumba anajua ilikwenda wapi: mafuta ya kula, sabuni, ada ya chuo cha Qurani, na dawa ya mtoto usiku ambapo baba yuko safarini. Hesabu za uvuvi hazioni pesa ya namna hii, kwa kuwa haiandikwi penye mizani ya wakala. Ikipotea, nayo haiandikwi.

Kisha inakuja siku ya kufungua. Mwamba umepumzika, pweza wamekuwa wakubwa, wachuuzi na mawakala wameshapata habari. Wa kwanza kufika ni nani? Mwenye mashine na miwani hangoji maji yapwe. Huzamia wakati maji bado yamejaa, tangu alfajiri ikiwa anataka, na kufika saa nne, mwamba unapofunuka, matundu mengi huwa yamekwisha kupitiwa. Mama aliyevumilia miezi minne anaokota mabaki. Hatusemi kwamba wazamiaji ni watu wabaya. Wengi wao ni wana wetu, na wao pia wana nyumba. Tunasema kwamba sheria isiyozingatia tofauti ya miguu na mashine itampendelea mwenye mashine hata kama haikukusudia.

Tumewahi kusikia jibu kwamba wanawake ndio wanaouharibu mwamba kwa kuukanyaga, hivyo kuwafungia ni haki. Kuna chembe ya ukweli humo. Matumbawe hai huvunjika chini ya mguu, na jiwe lililopinduliwa likaachwa chali huwaua viumbe wote waliokuwa wakiishi chini yake. Tunawasihi wenye kwenda mwambani wakanyage mchanga na mwamba mtupu, na kila jiwe lililopinduliwa lirudishwe lilivyokuwa. Lakini tusipotoshe mizani. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya katika miezi michache, na majuya ya kukokota yamekwangua kwa miaka mingi mahali ambapo hakuna mama aliyepata kukanyaga. Asitajwe wa mwisho akawa wa kwanza.

Tunaomba nini, basi? Kwa kuwa mikutano ya BMU, yaani zile kamati za kusimamia fuo zilizowekewa kanuni mwaka 2007, hufanyika karibu na nyumba zetu, yapo mambo ambayo mtu anaweza kuyasimamia huko akasikilizwa.

Kubwa kuliko yote ni kiti. Katiba ya mwaka 2010 imeweka msingi kwamba chombo cha kuchaguliwa au kuteuliwa kisiwe na zaidi ya thuluthi mbili ya jinsia moja. Katika vikao vingi vya ufuoni kanuni hiyo hutimizwa kwa kumweka mwanamke mwenye kuuza samaki, naye ana haki yake, lakini anayekaanga samaki barazani na anayetembea mwambani hawana haja moja. Wa mwambani awemo. Kikao nacho kisiitishwe saa nne asubuhi siku ya bamvua, kisha kikasema kwamba wanawake hawahudhurii. Jambo hili linaonekana dogo. Ndilo linaloamua nani atasikika.

La pili ni mahali pa kufunga. Mwamba wa mbali, unaofikiwa kwa chombo, ufungwe kwanza, na ule ulio mbele ya kijiji ugawanywe, nusu ikafungwa na nusu ikaachwa kwa wenye kutembea. Pweza hawajui mpaka, ni kweli, lakini kwa kuwa mkubwa hahami mbali sana na tundu lake, hata nusu iliyofungwa huleta nafuu. Na siku ya kufungua iwekwe ndani ya bamvua, maji yakiwa yamepwa, na siku ya kwanza au mbili za kwanza ziwe za miguu peke yake. Wazamiaji waingie siku ya tatu. Hili halihitaji fedha ya mfadhili wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Linahitaji kukubaliana na kuwa na watu wa kulisimamia.

Ama malipo ya miezi ya kufungwa kama yale ya Rodrigues, tunajua kaunti zetu zina mengi. Hata hivyo, pale ambapo mradi umekuja na fedha za mafuta ya boti ya doria na fulana zenye nembo, si vibaya kuuliza kama limebaki fungu la kumpa kazi mama aliyefungiwa mwamba. Kupanda mikoko na kusafisha ufuo ni kazi, na kazi ina ujira. Kule Kibuyuni kusini mwa Kwale kina mama wamekuwa wakilima mwani. Palipo na maji yanayofaa, hiyo pia ni njia, ingawa mwani nao una miezi yake ya kufa na haufai kila ufuo.

Na tuseme jambo moja kwa mabinti zetu. Wengi wao hawajui tena kulisoma jaa la pweza, na hawalaumiwi, kwani tumewapeleka skuli na tunataka wasome. Lakini zipo siku za likizo ya Disemba, kaskazi imetulia, maji ni maangavu kama kioo, na bibi bado yuko hai na magoti yake bado yana nguvu. Binti akiandamana naye kwa bamvua mbili tu atajua hatari zilipo, atajua maji yanageuka lini, na atakapokaa siku moja katika kikao cha wenye tai na kompyuta atakuwa anazungumza kitu alichokikanyaga. Avae viatu. Kanga ifungwe vizuri, isije ikamnasa mguu majini. Asiende peke yake, na nyumbani aache habari wanakwenda mwamba upi.

Akirudi na pweza, amwoshe kwa kumsugua mpaka utelezi wote utoke, ampigepige kwenye jiwe ili alainike, kisha amchemshe bila ya kutia maji wala chumvi, sufuria ikiwa imefunikwa na moto ni mdogo. Pweza hutoa maji yake mwenyewe, mekundu, nayo yanatosha. Chumvi, ndimu na tui la nazi huja baadaye. Lakini kabla hajamkata, amweke kwanza kwenye mizani. Daftari la skuli la kurasa 48 linatosha: tarehe ya mwezi, jina la mwamba, saa walizokaa majini, idadi ya pweza, uzito wa kila mmoja. Akina mama watano wakiandika hivyo kwa mwaka mmoja, kijiji kitakuwa na hesabu ambayo hakuna ofisi yoyote iliyo nayo, na siku itakapoulizwa mwamba ufungwe lini na kwa gharama ya nani, daftari hilo litawekwa mezani pamoja na karatasi za wengine.